Mbunifu wa Miwani ya Kompyuta

Mwaka 1998, kila alipomvisha Mwanapili, mhudumu wa hoteli ya Diani, miwani nzito aliyoibuni, yenye skrini ndogo ya kompyuta, dada mbunifu alilegeza mkanda kwa kidole, akauliza polepole, "Haikuumizi, dadangu? Unaiona miguu yako?" Asubuhi moja Mwanapili hakuiona. Tajiri mwenye hoteli alikuwa ameamuru skrini ijazwe matangazo mbele ya macho, na Mwanapili akateleza ngazini akachubuka goti. Tajiri akacheka. "Atazoea tu."

Mbunifu akamvua Mwanapili miwani. Akamvisha tajiri, akakaza mkanda. "Haya, shuka, bwana." Tajiri akapapasa ukuta, asithubutu kunyanyua mguu. "Nivue!" Mbunifu, aliyekwisha kupiga magoti kumsafisha Mwanapili jeraha, akasita.

"Mwache kwanza, dada," Mwanapili akasema.