Mpima Mawe na Wifi Yake

Kwa miaka kumi na minane alipima mawe katika maabara ya kiwanda cha saruji. Mji mzima ulikula kwa mawe hayo: madereva wa malori, mafundi, hata wauza mitumba wa getini. Mwaka wa kumi na nane vipimo vikaanza kushuka. Mawe mazuri yalikuwa yanakwisha kwenye machimbo ya mlimani, na hapakuwa na mengine karibu.

"Hilo libaki humu ndani, dada," meneja alimwambia. "Likitoka itakuwa vurugu."

Alinyamaza wiki mbili. Kisha akasikia kwamba wifi yake, mke wa kaka yake, ameuza shamba ili ajenge mgahawa mbele ya kiwanda. Uvumilivu ukamshinda. Akamfuata palepale kwenye msingi.

"Wifi, subiri kwanza. Mawe yanakwisha."

Wifi aliangua kicheko. "Mlima wote ule? Sema tu roho inakuuma."

"Haki ya Mungu, nimepima mwenyewe."

"Basi kapime na wivu wako."

Hawakusemeshana tena. Mgahawa ulijengwa, ukajaa wateja miezi saba, hata yeye akaanza kujitilia shaka. Ndipo tanuri kubwa la kiwanda likazimwa, na nusu ya wafanyakazi wakaachishwa kazi, yeye akiwamo.

Siku hiyo, akirudi nyumbani, alimwona wifi yake mlangoni pa mgahawa, mwiko mkononi, viti vyote vitupu. Alitamani kumpa pole, lakini kila neno lililomjia lilisikika kama "nilikwambia." Basi akaingia, akavuta kiti, akaagiza chai.