Siku Niliyompa Kaka Yangu Mke wa Kenya

Jamani, hii habari nikiitaja tu masikio yanapata moto, na kama mnataka kucheka chekeni sasa hivi mmalize, maana ni mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu, niliyesimama katikati ya mji wa watu, mbele ya wakwe, nikampa kaka yangu mke asiyekuwepo.

Mnajua tangu walipofungua hii biashara huria kila mtu ananunua anachotaka, pamba, dengu, ngozi. Sasa kaka Mabula aliajiriwa Kenya na kampuni ya nafaka, ameajiriwa kabisa, siyo kibarua, halafu walipoona dengu nyingi zinatoka kwetu wakamwambia rudi kwenu, kazi fanyia nyumbani. Basi anapima dengu palepale uani kwetu Somanda, mwisho wa mwezi anapanda basi mpaka Sirari, pale mpakani, anavuka, anachukua mshahara umeshakatwa kodi ya Kenya na akiba ya uzeeni ya Kenya, anarudi kulala kwetu. Hakuna aliyemwelewa. Mama aliwaambia majirani Mabula anafanya kazi Kenya, wao wanamwona yuko uani na mizani, wakawa wananyamaza tu kwa heshima.

Siku hiyo tulikwenda Mwamapalala kumposea kaka binti anaitwa Minza, kwa baba yake mzee Maduhu. Msemaji nilikuwa mimi (ndiyo, mimi), kwa sababu baba mdogo aliyepaswa kusema aliamka na homa, na mimi mdomo ninao, la saba nimemaliza, mengine nimejifundisha mwenyewe kwenye magazeti ya kufungia sukari. Na kwetu mwoaji hafungui mdomo mbele ya baba mkwe, anakaa kwenye kigoda anaangalia chini kama kuku mwenye mdondo. Kwa hiyo hata nikipotea, kaka hawezi kunirudisha.

Mambo yalikwenda vizuri, ng'ombe tumeshakubaliana, mzee anacheka, jikoni kuku ananukia, mara hao, mtendaji wa kijiji na mgambo wawili. Hii kodi ya maendeleo inadaiwa kila mwanaume, na hawa watu wakisikia wanaume wamekusanyika, iwe msiba iwe harusi, wanakuja kama nzi. Huna risiti, unaondoka nao. Wawili wa upande wetu wakaruka ua wa minyaa wakapotelea kwenye pamba. Wengine wakatoa risiti. Kaka hana.

Mzee Maduhu akaniinamia, "Ng'wanawane, mlipie mwenzio tule." Akaniita mwanangu! Na hela ninayo mfukoni! Ningetoa, yangeisha. Lakini mimi mtu akimgusa kaka yangu damu inapanda, nikasimama nikapaza sauti, "Huyu hadaiwi! Huyu analipa Kenya!"

"Anaishi wapi?" mtendaji akaniuliza.

"Somanda."

"Kazi yake iko wapi?"

"Kenya."

"Kazi gani?"

"Kununua dengu."

"Dengu za wapi?"

"Za hapa hapa."

"Anazipimia wapi?"

"Nyumbani, uani."

"Sasa kijana, hapo Kenya imeingilia wapi?"

Watu wakacheka, mpaka mgambo. Mimi kuchekwa ndiko kunakoniharibu. Nikasema mtu anahesabiwa kule mshahara unakotoka, siyo pale mizani ilipo (hiyo sheria niliitunga palepale). Mtendaji akakuna kichwa, akasema basi kama ni wa Kenya aonyeshe kibali cha kukaa hapa. Nikasema siyo wa Kenya! Akasema basi alipe. Nikasema ameshakatwa! Mgambo mmoja, kwa upole kabisa, akauliza kama uani ndiyo ofisi, leseni ya ofisi iko wapi. Hapo nikachanganyikiwa, nikawa nageukia huku najibu ya kule, kuna mahali nilijikuta namwambia mtendaji, "Hata mimi ningekuwa wewe ningemdai."

Nikamtazama kaka. Anaangalia chini. Jasho linamdondoka puani, kidole gumba cha mguu kinachimba udongo.

Nikaona nimalize na jambo kubwa la kuwanyamazisha wote. "Tena huko anawekewa hela ya uzeeni! Nani hapa ana hela ya uzeeni?"

Wakanyamaza kweli. Mzee Maduhu akaweka chini bakuli lake la mtindi. "Hebu rudia. Akifa kabla hajazeeka, hiyo hela inakwenda wapi?"

"Anapewa mke wake," nikajibu upesi, maana hilo nilikuwa nimelisoma.

"Mke yupi?"

"Huyo... aliyeandikishwa."

"Aliandikishwa lini?"

"Siku ya kuajiriwa, mzee. Lazima uandikishe mtu."

Jikoni mwiko ukaanguka. Mama yake Minza akapiga kelele, "Mayu wee! Kumbe ana mwanamke Kenya!" Minza akatoka, akamtazama kaka mara moja tu, akaingia nyumba ya bibi yake, tukasikia komeo.

Mtendaji mwenyewe aliona aibu, akasema atapita siku nyingine. Yule mgambo mpole akanipiga bega. "Si ungelipa tu, bwana?"

"Nendeni," mzee Maduhu akasema. "Mkishajua mtu wenu ni wa nchi gani na ana wake wangapi, mrudi. Na aje mtu mwingine kusema."

Kuku tulimwacha sufuriani.

Kaka alitangulia mbele mpaka mji wa wakwe hauonekani. Kisha akasema, "Niliandikisha mama."

"Nini?"

"Kule Kenya. Mtu wa kupewa hela nikifa. Niliandikisha mama."

Nikamwambia sasa si ungesema? Heri angenipiga kuliko alivyonitazama.

Ilibidi mama apakiwe kwenye baiskeli mpaka Mwamapalala, pamoja na baba mdogo na homa yake, mama akasimama mbele ya mzee Maduhu akasema, "Huyo mwanamke wa Kenya ndiye mimi." Mzee alicheka mpaka akashika mbavu. Alipomaliza kucheka akaongeza ng'ombe, kwamba mwenye hela ya uzeeni haoi kwa ng'ombe wa mkulima wa pamba, na hao wa nyongeza walitoka kwenye wale ambao ningeolea mimi. Kodi nayo ililipwa. Wameoana, na shemeji Minza haniiti jina, ananiita Kenya.

Na mpaka leo sijui kodi ilipaswa kulipwa wapi. Nimeuliza, mmoja ananiambia unapolala, mwingine unapolipwa, wa tatu ananiambia kote kote, na wote wanasema kwa uhakika kama mimi siku ile. Kaka yangu nitamtetea mpaka naingia kaburini, hilo msiniguse, ila nimeapa, kwanza nitamvuta pembeni nimuulize yeye mwenyewe jambo lake likoje.