Pangaboi la Daraja la Kwanza

Jamani, leo mke wangu nusura azimie stesheni.

Tumetoka Temeke asubuhi, nampeleka kwao Morogoro akajifungue. Treni ikachelewa. Sie wa daraja la tatu tumebanana chini ya paa la bati, joto halisemeki.

Mara Zaituni akaniegemea. "Mwenzangu, sioni vizuri."

Mbele yetu kulikuwa na chumba cha daraja la kwanza, cha Wazungu. Ndani hamna mtu, ila pangaboi linazunguka tu.

Bawabu wa chumba hicho, mzee mmoja mkali wa sura, akatujia moja kwa moja. Nikajua tunafukuzwa.

"Shikamoo mzee. Tunaondoka."

"Marahaba. Mnakwenda wapi na hali hiyo? Mwingize humo akajilaze."

"Na stesheni masta akituona?"

"Nitamjibu mie. Umeme wenyewe unapepea viti."

Akasimama mlangoni mpaka treni ilipoingia.

Zaituni amepanda behewa kwa miguu yake mwenyewe, anacheka.

Mie kwa furaha nimesahau hata kumuuliza mzee jina lake. Anayemfahamu anielekeze kwake, nikamshukuru inavyostahili.