Sanda Ukutani

Mama yangu alikuwa na sanda yake mwenyewe sandukuni, kama wanawake wengi wa umri wake pale Baleni. Ilikuwa bafta nyeupe aliyoinunua kabla nguo hazijaadimika, na kila masika yakiisha aliitoa kuianika. Kijiji kizima kilijua anayo. Ndiyo maana siku gari la sinema lilipokuja bila pazia lake, katibu wa tawi la chama alikuja moja kwa moja kwetu.

"Shikamoo, bi mkubwa. Tunaazima kitambaa chako, usiku mmoja tu."

"Marahaba. Hicho si cha kuangikwa, mwanangu."

"Picha yenyewe ya vita. Wewe mama wa mashujaa, utakaa mbele."

Akakichukua. Mtu mzima, mwenye mama yake, anabeba sanda kwapani kama gazeti! Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka.

Kaka zangu wawili walikwenda vita vya Uganda, akarudi mkubwa peke yake. Yule aliyekuwa akituchekesha mpaka wali unatupalia, alirudi mkali, hasemezeki. Mama alikuwa na swali moja tu: mdogo wake alizikwaje? Shehe alishamwambia kwamba shahidi haoshwi, huzikwa na nguo zake. Lakini mama ni mama. Kila akiuliza, kaka anasukuma sahani na kutoka. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia adui. Ulikuwepo, kwa nini humwambii?

Baada ya isha wakaipigilia sanda misumari kwenye ukuta wa ofisi ya chama. Picha ilikuwa ya Wazungu wawili, ndugu, wako vitani. Mdogo akapigwa risasi, akahutubia weee kabla ya kufa. Akazikwa kwa bendera na tarumbeta, mkubwa wake kasimama wima, hana hata tope kiatuni. Watu wakapiga makofi. Katibu ndiye aliyeanza.

Kaka akainuka, akaivuta ile nguo mpaka ikachanika penye misumari. Sura za Wazungu zikabaki zinacheza kwenye udongo wa ukuta.

"Unaharibu shughuli ya chama!" katibu akafoka.

"Hii sanda ya mama yangu! Mdogo wangu nilimchimbia kwa bakuli la chakula, nikamfunika koti langu la mvua. Hapakuwa na tarumbeta. Haya, pigeni makofi!"

Mama alikuwa ameshasimama.

"Ulimlaza kuelekea kibla?"

Kaka akamgeukia, nguo mkononi.

"Sikujua kibla ni upande gani, mama. Mvua ilinyesha kutwa, jua halikuonekana. Nilibahatisha."

Mama akaipokea nguo, akaikunja. "Twende nyumbani ukale," akamwambia.

Katibu hakuja kuomba radhi, wala sikumsamehe. Miaka ilipita, mama akafariki. Nguo zilikuwa zimejaa madukani, nikataka kununua bafta mpya, lakini alikwisha kuusia ile ile. Tukamvika na matundu yake ya misumari.

Mimi mwanamke, sikwenda makaburini. Wanaume ndio walionisimulia. Kaka aliingia kaburini kumpokea mama, akamlaza kwa ubavu wa kulia, akamgeuza uso. Kisha akawauliza waliokuwa juu: kibla ni huku? Wakamwambia ndiyo. Akauliza tena. Akauliza tena, mpaka shehe mwenyewe akashuka, akamshika mkono.