Siku Bodi Ilipopanda Kitandani

Mimi nimesoma mpaka darasa la tatu, na mbao nimezipasua miaka ishirini na sita. Nyumba za bati unazoziona ukitoka Kitai kuja Mbinga, zile zilizojengwa kahawa ilipokuwa inalipa, panda darini utakuta jasho langu. Najisifu, ndiyo. Sijawahi kumwibia mtu hata inchi moja ya ubao.

Kwa hiyo alipokuja mwalimu mkuu wa shule mpya ya wazazi kuniambia nimechaguliwa kuingia kwenye bodi, swali langu la kwanza lilikuwa: "Mnataka mbao za bure?"

Akacheka. "Hapana, mzee. Tunataka busara zako."

Hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Mtu anayetaka mbao, ukishampa mbao mmemalizana. Anayetaka busara, mtamalizana wapi?

Ilikuwa miaka ile soko limefunguliwa. Mambo tuliyozoea kufanyiwa na serikali na chama cha ushirika, tukaambiwa sasa tufanye wenyewe. Malori ya watu tusiowajua kwa sura yakawa yanapanda milima yetu kununua kahawa mlangoni. Zikaja na bodi. Bodi ya maji, bodi ya zahanati, bodi ya soko, mpaka mtu unajiuliza nani amebaki nje. Mimi neno bodi nililijua la gari tu. Lori lina injini na lina bodi, na bodi ndiyo inayooza kwanza.

Ningekataa. Lakini nilikuwa na binti yangu, kitinda mimba, aliyemaliza la saba akafaulu, na asipangiwe sekondari ya serikali kwa sababu nafasi zilikuwa za kuhesabu. Shule ile ya wazazi ndiyo ilikuwa njia yake pekee. Na kutoka kwetu Mbuji hadi pale si mwendo wa kwenda na kurudi kila siku, basi bila bweni hakuna shule. Bweni lilikuwa limeezekwa tayari, vitanda bado. Mkaguzi angekuja baada ya wiki tatu. Akikuta vitanda, wasichana wanalala. Asipokuta, warudi makwao. Nikaona heri niwe jikoni nijue kinachopikwa.

Tulikuwa watu watano. Mwalimu mkuu, mwenyekiti wetu ambaye alikuwa mfanyabiashara wa kahawa mwenye malori mawili, mama mmoja mnene wa parokia ya Mapera, mzee mmoja Mnyasa, aliyestaafu kazi ya melini ziwani, na mimi. Wenzangu walikaa. Mimi nikabaki nimesimama.

"Kabla sijakaa," nikasema, "nielezeni bodi ni nini kwa Kiingereza. Siingii kwenye kitu nisichojua kimetoka wapi."

"Ni kamati tu, mzee," mwenyekiti akajibu.

"Kama ni kamati, mbona hamkuiita kamati?"

Mwalimu mkuu akatoa kabatini kamusi nene kama tofali la kuchoma, akapekua.

"Bodi ya gari ni neno jingine kabisa," akasema. "Lile maana yake ni mwili. Hii yetu, asili yake ni ubao."

"Ubao gani?"

"Huo huo unaoupasua wewe."

Nikadhani ananipaka mafuta. Lakini aliendelea kusoma, kidole kikifuata mstari. Zamani huko kwao, akasema, watu walilaza ubao juu ya miguu ya kuegesha, wakala hapo. Ubao ukawa meza. Chakula cha mezani nacho kikaitwa kwa jina hilo, ndiyo maana shule ya kula na kulala wazee wetu waliiita bodingi. Na wale wakubwa waliokaa kwenye meza hiyo kuamua mambo ya wengine, wakaitwa ubao nao.

Yule mzee Mnyasa akainua kichwa. "Na melini je? Nahodha wetu Mzungu, kabla ya kung'oa nanga, alikuwa anauliza kama wote tuko bodi."

"Ubavu wa meli pia waliuita hivyo. Ukishauvuka, umo ndani."

"Ala! Miaka yote nilidhani anatuona magogo."

"Hakukosea sana, mtani," nikamwambia, na yule mama akaangua kicheko.

"Mbona hata sisi ni hivyo hivyo," mama akasema. "Ubao wa darasani, bao la kete, bao la mpira."

"Na bao la mganga," nikaongeza.

Walicheka, mimi sikucheka. Neno lililozaa watoto wengi kiasi hicho, wengine mezani, wengine melini, si neno la kulikaribisha ndani bila kulipekua mifuko. Na ubao ninaujua. Una uso wa kuonyesha wateja na una uso wa chini. Hata hivyo nikakaa.

Sasa nieleze desturi yetu wapasua mbao. Gogo hulazwa juu ya shimo. Mmoja husimama juu yake, mwingine huingia shimoni, na msumeno ni mmoja. Mstari tunaupiga kwa uzi uliochovywa unga mweusi wa betri za redio. Ubao ukishatoka, hatuupaki kitu wala hatumwonyeshi mnunuzi, mpaka tuulaze kukatiza shimo na wote wawili tusimame katikati yake kwa pamoja. Kama una fundo bovu, aliyepasua analijua. Niliwahi kuwa na mwenzangu aliyekataa kupanda mara moja, akasema miguu ina matope. Sikupasua naye tena.

Wiki ya pili mwenyekiti akaleta vitanda ishirini vya ghorofa, msaada wake mwenyewe kwa shule. Akaruka kutoka kwenye lori kama kijana, akaamuru vishushwe. Vilikuwa vyeusi tii, vimepakwa oili chafu ya gari kila mahali.

"Dawa ya mchwa," akasema.

Ni kweli, oili chafu ni dawa ya mchwa. Lakini hupakwa nguzo za uzio na kenchi za paa. Nani anaipaka chaga za kitanda atakachotandikia mtoto shuka? Mwalimu mkuu alikuwa na karatasi ya kupokelea, kila mjumbe aweke sahihi. Ikanifikia mimi.

"Siweki. Kwanza tupande."

"Tupande wapi, mzee?"

"Kitandani. Ghorofa ya juu. Wawili wawili, kama shimoni kwetu."

"Na kilo zangu hizi?" mama akauliza.

"Kilo zako ndizo ninazozitaka, mama."

Tukaanza na kitanda kilichokuwa karibu na mlango. Mimi na mama tukapanda, tukasimama tumeinama kwa ajili ya paa. Chaga zikalia kidogo, zikanyamaza. Tukashuka. Mwalimu mkuu akavua viatu, akapanda na yule Mnyasa, aliyeparamia kama ngazi ya meli huku akipiga kelele, "Nahodha, wote tuko bodi!" Zikashikilia. Basi wakanicheka mpaka machozi, na mimi nikaona haya. Nilikuwa nimeshaichukua kalamu.

Ndipo nikamwona mwenyekiti. Alikuwa amesimama pembeni, mkono kwenye nguzo ya kitanda cha pili, na ni yeye peke yake aliyekuwa hacheki.

"Zamu yako, mwenyekiti. Nitapanda na wewe."

"Goti langu linasumbua, mzee."

"Limeanza lini? Sasa hivi umeruka kutoka kwenye lori."

Akatazama kile kitanda cha mlangoni. "Haya, napanda hicho."

"Hicho kimeshapandwa. Panda hicho ulichokishika."

Akatazama saa, akasema ana mtu anamsubiri Kitai. Mimi nikatoa kisu, nikakwangua oili chini ya chaga ya katikati. Ilikuwa vipande viwili vifupi vimekutanishwa, ufa umezibwa kwa unga wa mbao na gundi. Nikaikandamiza kwa goti langu, ambalo lilikuwa zima. Ikakatika kama muhogo mkavu. Tulikagua vyote. Kumi na vinne vilikuwa hivyo.

"Ni fundi wangu," mwenyekiti akasema. "Mimi nimeletewa tu."

"Kama hukujua, mbona goti liliuma?"

Alipakia vitanda vyake vyote, hata vile vizima, na uenyekiti akauacha siku hiyo hiyo. Wazazi hawakunishukuru. Walisema mzee wa darasa la tatu amefukuza mfadhili. Nyumbani binti yangu aliniuliza, bila kuinua macho kwenye sufuria, "Baba, si ungeacha tu, mimi nikalala cha chini?"

"Na wa juu yako angemwangukia nani?"

Mkaguzi alikuja, akakuta bweni tupu, akaandika kwamba wanaotoka mbali wasubiri mpaka vitanda vipatikane. Wa karibu wakaanza masomo.

Nilirudi shimoni na umri wangu ule. Nilikuwa na magogo ya msindano ya mwaka uliotangulia, yamekauka. Yule Mnyasa akajitolea kuwa wa chini, akala vumbi la mbao wiki nzima, kisha nyingine, akitukana milima yetu kwa Kinyasa. Wazazi wachache wakaja kugonga misumari, wengi hawakuja. Vitanda vilipokamilika na ruhusa kutoka, wiki tano za muhula zilikuwa zimekwisha.

Nilimsindikiza binti yangu nimembebea sanduku lake la bati begani. Mwalimu mkuu akatupokea, "Shikamoo mzee," akasema nafasi ya mtoto ipo, ila wenzake wako mbali sasa, hasa kwenye hesabu.

"Wamefika ukurasa gani?" binti yangu akamuuliza yeye, siyo mimi.

Alipoambiwa, aliiandika namba hiyo kiganjani. Nilimwambia nilichokuwa nimekipanga njia nzima, kwamba yale ningeyafanya tena. Akasema, "Najua, baba. Lakini wiki tano zilizopotea ni zangu." Kisha akaingia darasani. Nilisimama dirishani kidogo. Alikuwa amekaa nyuma kabisa, daftari la jirani yake mbele yake, ananakili kwa haraka mpaka kalamu inatoboa karatasi, na hakugeuka kunitazama.