Salamu kwa Mtu Tusiyemjua

Bibi hakuwa na neno na mimi kusomea unesi. Ugomvi wake ulikuwa na barua. Hospitali moja ya Tanga mjini ilikuwa ikipokea maombi mpaka Ijumaa, nami nilikuwa nyumbani Mwera nimemaliza darasa la nane, nakuna nazi. Nikikosa nafasi ile, baba angeipokea posa iliyokuwa ikingoja.

Nikaanza kama tulivyofundishwa shuleni: "Bwana Mpendwa."

"Bwana yupi?" Bibi akauliza. "Wamjua?"

"Simjui."

"Humjui, wampendea nini? Mwanamwali! Tena kwa wino!"

Nikafuta. Bibi akataka shikamoo. Mama, aliyekuwa akipepeta mchele, akauliza je, akiwa kijana? "Ataona haya, aitikie kimyakimya," Bibi akasema. Na akiwa Mkristo? Tukamwita jirani yetu Mkatoliki, kibarua wa shamba la mkonge, akatupa "Tumsifu Yesu Kristo" yake tukaiweka chini ya "Asalaam aleikum". Kisha, humo baruani, tukamuuliza huyo Bwana hali ya mkewe, wanawe, wazazi wake na mvua za kwao. Nilipochovya kalamu niandike ombi, Bibi akanishika mkono.

"Humjui mtu, ushamwomba? Mjulie hali kwanza. Akijibu, ndipo tuseme naye."

Barua ikapanda basi haina hata neno moja la unesi. Nililia kwa hasira, na mchuzi wa siku ile nikauzidisha chumvi makusudi.

Alhamisi jibu likafika. Mwandishi alikuwa karani wa hospitali. Aliitikia salamu zote, ila shikamoo aliirudisha kwa heshima, akisema umri wake hauiruhusu. Mke mzima, watoto wazima, mvua zinanyesha. "Mama yangu tumemzika wiki iliyopita," aliandika, "na kati ya barua zote zilizopita mezani kwangu, ni yako tu iliyomuulizia."

Nikarukia kalamu. Bibi alikuwa keshajifunika kanga usoni, analia.

"Andika pole," akasema. "Na ole wako utaje unesi katika barua ya msiba."

Pole ile niliipeleka mwenyewe, kwa basi la alfajiri ya Ijumaa. Karani akaisoma amesimama. Akaigeuza nyuma, kulikuwa kweupe.

"Ahsante sana, dada," akasema. "Sasa, shida yako hasa ni nini?"

Nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Nikafungua mdomo, yakatoka machozi matupu. Akanitazama, akatazama foleni ya wasichana mlangoni, kila mmoja na bahasha yake.

"Unesi?"

Nikaitikia kwa kichwa. Akavuta kiti, akaniambia nikae, akauliza jina langu.