Jaribio la Nyumbani

Mimi si mtu wa Babati. Nimekulia Njombe, kwenye maji ya milimani, na meno yangu ni meupe bila juhudi yoyote. Nalisema hili mapema kwa sababu wanafunzi wangu wengi hawakupata bahati hiyo. Wametoka upande wa Hanang na wengine Simanjiro, ambako baadhi ya visima vina floraidi kupita kiasi. Mtoto akikua kwa maji yale, meno yake ya ukubwani huota na madoa ya kahawia, na hubaki hivyo mpaka uzeeni. Nilikuwa nimefundisha kemia mjini hapa miaka minne, nikiyaona madoa hayo kila siku, na sikuwahi kuyafikiria kwa zaidi ya dakika moja.

Maabara yetu ni chumba chenye meza mbili, sinki lisilo na maji, na mtungi wa gesi ulioisha kabla sijahamia. Kwa hiyo mabadiliko ya kikemia niliyafundisha kwa kusoma. Mwanafunzi mmoja alisoma aya kwa Kiingereza, mimi nikaifafanua kwa Kiswahili, kisha wote wakakariri dalili: rangi hubadilika, gesi hutoka, joto hupanda au hushuka, kitu kipya hutokea na si rahisi kukirudisha kilivyokuwa. Waliweza kuzitaja wakiwa wamefumba macho. Siku moja nikachoma karatasi mbele yao, nikauliza hilo ni badiliko gani. Nusu ya darasa ilisema si la kikemia, kwa sababu mfano wa kitabuni ulikuwa kuni, haukuwa karatasi. Nilikwenda chooni nikalia. Sipambi maneno, nilikaa humo mpaka kengele ikagonga.

Nikasema potelea mbali, nitafanya majaribio kwa vitu vya sokoni. Nikanunua ndimu, nikaokota misumari yenye kutu kwenye jengo linalojengwa jirani na ninapopanga. Usiku mzima misumari ile ililala kwenye maji ya ndimu.

Aliyesoma aya ya asidi na kutu darasani kesho yake alikuwa binti wa Kidato cha Pili, mtoto wa wafugaji wa Hanang, aliyekuwa akiishi Maisaka kwa shangazi yake. Kwa kusoma hakuna aliyemfikia. Ila alikuwa na sharti lake: alisimama akinitazama mimi, mgongo kwa wenzake. Nilidhani ni adabu ya kwao. Alisoma kwamba asidi huondoa kutu, na kwamba asidi kali hufanya kazi hiyo haraka kuliko asidi dhaifu. Nami nikauchomoa msumari kwenye kopo, nikaupangusa, nikauinua juu. Ulikuwa unang'aa. Darasa likapiga makofi ya kilo, yale ya kumpongeza mtu, na mimi kichwa kikavimba. Miaka minne nilikuwa sijapigiwa makofi na mtu.

Katika furaha ile nikatoa kazi ya nyumbani. Kila mmoja atafute kitu chenye kutu, ajaribu kwa ndimu au siki, aniletee taarifa: lengo, vifaa, hatua, ulichokiona, hitimisho. Niliwaruhusu waandike kwa Kiswahili kwanza. "Na andika ulichokiona," niliwaambia, "usiandike unachokitaka." Nilijiona mwalimu kweli kweli.

Baada ya wiki moja na siku kadhaa kiranja akaniletea madaftari. Kulikuwa na mapanga, majembe, mnyororo wa baiskeli, na mmoja alikuwa amesafisha bawaba ya mlango wa jirani bila ruhusa. Nilicheka peke yangu ofisini. Kisha nikafika kwenye daftari la yule binti. Alikuwa amempa kiranja alilete, yeye mwenyewe hakuwa amekuja shule siku tatu.

Lengo, aliandika, ni kuona kama asidi inaondoa rangi ya kahawia kwenye jino. Vifaa: ndimu, kijiti cha kiberiti, pamba, kioo.

"Siku ya kwanza mpaka ya tatu: ndimu, dakika kumi. Rangi haikubadilika. Siku ya nne: jino linakwaruza ulimi. Hii ni dalili kwamba kuna kitu kinatokea. Siku ya tano: nimetumia asidi kali kama tulivyosoma. Nimepata maji ya betri. Siku ya sita: rangi imepungua kidogo kwenye jino moja. Siku ya saba: fizi zinauma, nimeshindwa kunywa chai. Hitimisho: bado."

Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma papo hapo. Hapana. Kitu cha kwanza nilichojiuliza ni nani mwingine amelisoma daftari lile. Nililitia kwenye mkoba, nikafunga zipu, nikiogopa kwa ajili yangu mwenyewe. Taarifa ile, Mungu anisamehe, ndiyo ilikuwa bora kuliko zote nilizowahi kuletewa.

Jioni nikaenda Maisaka na kilo ya sukari, kama mtu anayekwenda kumwangalia mgonjwa. Shangazi mtu alikuwa uani akichambua maharage. Mumewe ana kibanda cha kuchaji betri mbele ya nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Karibu sana. Huyu anakusema kila siku, mwalimu wangu hivi, mwalimu wangu vile."

Binti alikuwa kwenye kigoda, kanga mdomoni. Shangazi akamwambia aishushe. Midomo ilikuwa imebabuka, fizi zimekuwa nyeupe, na meno mawili ya mbele yalikuwa yamepoteza ung'avu wote, yamebaki kama chaki iliyoloa. Hospitali walikuwa wamemwambia ngozi ya juu ya meno hayo imekwisha na haioti tena. Jino moja litang'olewa uvimbe ukishuka, la pili wataliangalia.

"Sijui kayatoa wapi mambo haya," shangazi akasema. "Watoto wa siku hizi! Shuleni nimesema ana homa, mwalimu, wasije wakamcheka. Nawe usiseme."

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, mpana, na ulifunguliwa na mtu aliyekuwa ananishukuru. Nikasema, "Sawa, mama." Nikanywa chai yake. Nilipokuwa nameza nilijichukia, lakini nilimeza. Nilipiga hesabu ya mambo yangu: mkuu wa shule, barua, uhamisho, mdogo wangu ninayemsomesha. Mficha maradhi kifo humuumbua, nilikuwa nalijua hilo, na bado nikayaficha.

Nilipoaga, binti alisimama kunisindikiza mpaka barabarani, kama desturi. Alipohakikisha shangazi hasikii, alizungumza ndani ya kanga, polepole, kwa sababu kila neno lilikuwa linamuuma.

"Mwalimu, nilikosea hatua gani?"

"Mama, usiongee, utajiumiza."

"Naomba uniambie. Ni kipimo? Au nilitakiwa nichanganye na maji?"

"Kwa nini unataka kujua sasa hivi?"

"Wenzangu wameanza baada yangu. Yale maji ya betri tuligawana. Nataka niwaambie wasirudie kosa langu."

Nilisimama. Bodaboda ikapita, dereva akatupigia honi, sikusogea.

"Wenzako gani? Wangapi?"

Alitazama chini. "Walisema nisiwataje."

Nilimsihi. Nilimshika mabega, nikamkaripia, kisha nikambembeleza, kisha nikamkaripia tena. Hakutaja hata mmoja. Alikuwa ameahidi, na ahadi yake ilikuwa na thamani kuliko yangu. Mwishoni nilimwambia ukweli pale kando ya barabara: hukukosea hatua hata moja, umefanya sawasawa na nilivyokufundisha. Hapo ndipo alipoanza kulia.

Ilikuwa Ijumaa. Jumamosi na Jumapili sikuwa na namna ya kuwapata wanafunzi waliotawanyika kuanzia Bonga mpaka Sigino. Nilizunguka hata hivyo. Nilifika kwa wanne ninaojua kwao, wote wakanijibu, "Hapana mwalimu," midomo ikiwa imefungwa nusu. Nyumbani nilitumbukiza mayai mawili kwenye siki, nikawa nayachungulia kila nikipita jikoni.

Jumatatu nilianzia kwa mkuu wa shule. Nilimweleza yote, nikamwekea daftari mezani. Alilisoma mpaka mwisho, akanitazama, akasema, "Nenda darasani kwanza. Yako tutayaongea baadaye." Yalikuja kuongelewa, kwa barua.

Darasani sikuandika kitu ubaoni. Niliwatolea yai. Gamba halikuwepo, lilikuwa limebaki yai laini, linalotetemeka mkononi, unaona kiini ndani. Niliwapitishia meza kwa meza. Niliwaambia hii ni siki tu, siku mbili, na gamba la yai lina chokaa ndani yake kama lilivyo jino. Kisha nikachukua yai zima, nikaliweka kwenye kikombe chenye maji ya betri, wakalisikia likichemka bila moto. Nikawaambia mwenzao hana homa. Nikawaambia nani alimfundisha.

"Nani mwingine?" nikauliza. "Simchapi mtu. Nawaombeni."

Hakuna mkono ulioinuka. Kikombe kiliendelea kuchemka. Nikaanza kuwatazama mmoja mmoja, dawati kwa dawati, na ndipo nilipoona mashavu yakisogea: huyu, na yule wa nyuma yake, na watatu wa dirishani, midomo imefungwa, kila mmoja akipapasa meno yake kwa ulimi, akitafuta mahali panapokwaruza.